Koplo Kabuti na Fomu ya Jina Moja

Hii ninayowaletea ni kesi, na haina hakimu. Zimeni simu, sogeeni karibu, na mwenye jibu kabla sijamaliza alimeze kwanza. Mimi mwenyewe nimeikalia wiki tatu, na kila nikidhani nimeipata, inaniponyoka.

Mjini Nakuru palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho hakuna ofisi yenye fomu yake.

Wa kwanza, Njagi, alikuwa na mkono. Mpe kalamu ya wino na gazeti la kufungia nyama, atakuchorea teke la kuzunguka mpaka wewe mtazamaji uinamishe kichwa lisikupate. Alikuwa pia na digrii ya takwimu, second class upper kwa wanaopenda kujua, aliyoipitisha kwenye mashine ya plastiki ili isichakae. Na kweli haikuchakaa, maana kwa miaka sita hakuna mwajiri aliyetaka kuigusa. Barua pepe zote zilianza na We regret, na Njagi alikuwa amejizoeza kuacha kusoma hapo hapo kwenye regret.

Wa pili, Lokwang, alikuwa na mwili. Alikuwa koplo jeshini hadi goti lake la kushoto lilipovunjwa na chuma, wakamshukuru kwa saluti, wakamrudisha nyumbani. Akaanza kufundisha karate katika ukumbi nyuma ya kanisa, mtaa wa Bondeni. Sasa, watu wengi wanajua kupiga. Lokwang alijua kupigwa. Mwambie, "Afande, umekula ngumi ya ini," na papo hapo ataanguka mbele yako sawasawa: goti kwanza, halafu bega, halafu macho yakiitafuta ardhi kabla ardhi haijamfikia. Ungeapa kwamba umemwona aliyempiga.

Wa tatu, Muthoki, alikuwa na vidole. Alifanya kazi katika duka la kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi. Alikuwa akipanga kurasa huku anakusimulia habari za jirani yake, bila kutazama chini, na kamwe hakuruka karatasi. Aliishia darasa la saba. Lakini nusu ya marehemu wa mji ule walienda kaburini na maisha yao yakiwa yamebanwa na Muthoki, pini mbili za stepla, upande wa kushoto.

Huo upande wa kushoto uwekeni akilini.

Njagi alikuwa mgonjwa wa manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani. Alivipenda vile vya mapigano, ambamo mtu mmoja hupigana na jeshi zima kwa mikono na bado anapata nafasi ya kufikiria mama yake hewani. Na kama kuna mtu asiye na kazi unayemjua, unajua pia kwamba mtu asiye na kazi huwa na misimamo. Msimamo wa Njagi ulikuwa huu: manga halisi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukifungua kama unavyofungua vitabu vyetu, umefungua kisogo.

"Buda, hiyo ni heshima," alikuwa akiwaambia vijana wa karate. "Huwezi kuingia nyumba ya mtu kupitia dirishani."

Basi akaamua kutengeneza chake. Mhusika wake angekuwa askari, Koplo Kabuti, aliyefukia bunduki yake, akavaa kabuti kuukuu la jeshi, akapanda mlima wenye malango saba kwenda kumkomboa rafiki yake. Kila lango lina mpiganaji wake. Koplo anashinda, lakini kila lango linambakisha na pengo: hapa jino, pale mbavu, pale jicho. Ukurasa mmoja, picha moja. Maneno hamna, milio tu. PAA. KRAAK. FYUU.

Kabuti lenyewe halikuwa la kubuni. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari pale ukumbini, na lilikuwa na matundu manne. Njagi alipoliulizia, Lokwang alingoja vijana wote waondoke.

"Ni la Ekai," akasema. "Tulikuwa naye lindo moja. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa, akaniambia, lala ndugu yangu, nitakaa mimi. Nikampa nafasi yangu." Akalilainisha kabuti kwa kiganja. "Kwa hiyo ukitaka nivae hili ili unichore, nitavaa. Nitaanguka mara zote unazotaka. Lakini nataka kitu kimoja. Usimuue."

"Nani?"

"Huyo Koplo wako. Mtu wa kabuti hili ameshakufa mara moja. Inatosha."

"Afande, you have my word," Njagi akasema, na wakati ule alimaanisha.

Kwa miezi kumi na minne Lokwang alianguka. Ukumbi ule una sakafu ya saruji, na mikeka ilikuwa miwili, imekwisha pamba. Njagi alikuwa akisema, "Tena, Afande, bega halijakaa," na Lokwang anasimama, anafunga kabuti, anaanguka tena. Goti likaanza kuvimba. Akalifunga kitambaa. Likavimba juu ya kitambaa. Kurasa zikafika sitini na nne, na nawaambia, ile haikuwa michoro. Ilikuwa mtu anaumia mbele yako na wewe umekaa tu.

Na kwenye ukurasa wa sitini na nne, mbele ya lango la saba, Njagi akamuua.

Msiniulize kwa nini. Aliulizwa na akajibu jibu la msomi: hadithi ilidai. Ukweli ni kwamba siku hiyo asubuhi alikuwa amepata regret nyingine, ya arobaini na kitu, na hakuona sababu ya mtu yeyote kufika juu ya mlima wowote.

Sasa anaingia Muthoki.

Palikuwa na maonyesho ya katuni Nairobi, siku moja tu. Njagi alipeleka kazi yake dukani, nakala mia mbili, pamoja na kitabu cha mfano alichokibana mwenyewe upande wa kulia. Hakuweka namba za kurasa, kwa sababu ya ile misimamo. Hakueleza kitu pia, kwa sababu msomi hudhani kila mtu anajua anachokijua yeye.

Muthoki alichukua mfano ule akaufungua kama alivyofungua kila kitabu maishani mwake. Picha ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa ya maiti ya askari mbele ya lango. Akafunua ya pili. Askari amepiga magoti. Ya tatu, ngumi inamtoka kifuani, inarudi kwa mwenyewe. Akaendelea. Jicho likarudi. Mbavu zikanyooka. Askari akashuka mlima, lango baada ya lango, na kwenye kila lango adui aliyemvunja akawa kama anamuunga. Kabuti likaanza kujifuma. Ukurasa wa mwisho, Koplo na rafiki yake wamekaa nje ya nyumba wanakunywa chai, hawana hata mkwaruzo.

"Nikasema, lakini huyu kijana!" Muthoki alikuja kueleza baadaye. "Nikasema hii ni hadithi nzuri sana. Nikaona tu kwamba amekosea kubana, pini ziko upande wa wazimu. Nikamsaidia."

Akazibana zote mia mbili. Pini mbili, upande wa kushoto.

Njagi alifika asubuhi ya maonyesho, begi mgongoni, basi likimngoja. Akafungua kisanduku. Duka lilikuwa limejaa: watu wa harusi, watu wa matanga, mchungaji mmoja na matangazo yake. Wote walisikia.

"Umekiua! You have killed my book! Miezi kumi na minne, mama, umeifungua kisogoni! Kwani huko shuleni ulienda kuuza mandazi?"

"Mwanangu, ngoja nikueleze..."

"Usiniite mwanao! Hiki si changu. Sikijui. Chukua wewe, ukafungie nyama, ukawashie jiko, ni chako!" Akakisukuma kile kisanduku kikamgonga Muthoki tumboni, akatoka.

Mwenye duka alimtazama Muthoki, akawatazama wateja, akachagua wateja. Kabla ya saa sita Muthoki hakuwa na kazi. Leo ananyonyoa kuku sokoni. Vile vidole vilivyohesabu kurasa bila macho vinashinda kwenye maji ya moto, na ngozi inavitoka.

Kisanduku alikipeleka ukumbini akamwachia Lokwang. "Mpe yule mwenye digrii akipoa," akasema.

Njagi hakupoa. Basi Lokwang akatoa kitabu kimoja, akakifungua mwenyewe, kutoka kushoto, maana naye hakuwa Mjapani. Akasoma. Akafika mwisho, kwenye chai, akamwona Koplo, ambaye kwake alikuwa Ekai, amekaa. Akafunga kitabu, akatoka nje akasimama kwenye jua muda mrefu.

Siku ya kliniki ya goti lake alikibeba kile kisanduku hadi hospitali, akachechemea nacho ngazi mbili, akagawa nakala katika wodi ya mifupa. Nyinyi mnaijua wodi ya mifupa. Vijana wa bodaboda, kitanda kwa kitanda, miguu imening'inizwa kwa vyuma kama nguo zilizoanikwa. Wakaanza kusoma.

"Manze, cheki huyu! Mbavu zinarudi!"

"Hiyo ndiyo operesheni nataka, si hii ya pini."

"Sista, niongezee dawa anayotumia huyu koplo!"

Mmoja wao, aliyelala miezi mitano, akarekodi simuni akifunua kurasa polepole, na wodi nzima ikitoa milio kinyumenyume: UUYF, KAARK, AAP. Video ikatoka. Ikaenda. Ndani ya siku kumi kila mtu aliyevunjika popote, mfupa au moyo, alikuwa anamtaka Koplo Kabuti.

Halafu ikaja barua ukumbini kwa Lokwang. Studio moja ya katuni kutoka Nairobi: "Wachoraji tunao. Waandishi tunao. Tunamtafuta mtu mmoja aliyemleta Koplo Kabuti, awe mlezi wake. Akae nasi, atuambie Koplo anaweza nini na hawezi nini." Ajira ya kudumu, nyumba, na kadi ya matibabu. Chini yake fomu, na kwenye fomu mstari mmoja: *Jina la aliyemleta Koplo Kabuti duniani.*

Lokwang akawaita wenzake, wakajaza majina matatu. Nawakumbusha hilo, ili mtu asije akaniambia wangegawana. Jibu lilirudi ndani ya saa moja: nafasi ni moja, jina moja, kabla ya saa kumi na moja Ijumaa, la sivyo studio itatafuta mhusika mwingine.

Ijumaa hiyo, saa kumi, watatu walikuwa ukumbini. Fomu mezani. Kalamu juu ya fomu.

Sasa nawaambia jambo ambalo Njagi hakuwa amemwambia mtu. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwa wakala anayeitwa Festo, aliyekuwa akipeleka vijana ughaibuni kwa "kazi ya ulinzi". Ulinzi! Unafika, unavalishwa sare ya nchi usiyoweza hata kutamka miji yake, unashushwa kwenye handaki la vita visivyokuhusu. Vijana wawili wa Bondeni walikuwa wametangulia. Mmoja alituma ujumbe wa sauti, milipuko ikiwa karibu kuliko sauti yake. Wa pili, kila ukimwandikia, tiki moja tu ya kijivu, toka Machi. Njagi alijua. Alisaini akijua. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili jioni ile ile, na Festo alikuwa amesema, "Niletee barua ya kazi nyingine, nakurudishia pasi. Hauna, panda gari." Ndiyo hivyo. Mtu aliyechora askari, digrii ikiwa ndani ya plastiki, alikuwa amebakiza saa mbili tu awe askari.

Akawaambia. Hakulia; alisema kama anayesoma takwimu.

Lokwang akamgeukia. "Hiyo vita ni ya nani?"

"Ya mwenye kuniajiri."

"Unajua kuanguka?"

"Nimekuchora mara sitini na nne, Afande."

"Ulinichora. Hukuanguka hata mara moja."

"Basi niachie jina!" Sauti ya Njagi ikapasuka. "Niachie, nisiende!"

Lokwang akapandisha suruali. Goti lilikuwa kubwa kama tikiti, ngozi inang'aa. "Daktari amesema operesheni kabla ya mwisho wa mwezi, au wakate hapa." Akaonyesha katikati ya paja. "Mtu wa mguu mmoja hafundishi karate, Njagi. Goti hili lilikuwa baya. Wewe na 'tena, Afande' zako mkalimaliza. Na kuhusu kuachia... nilishamwachia mtu nafasi yangu. Ekai. Tangu siku ile sijui tena kama kuachia ni wema."

Muthoki alikuwa ameficha mikono ndani ya leso. "Mimi sitazunguka," akasema. "Hicho kitabu nilipewa. Mchungaji mzima alisikia."

"Nilikuwa na hasira, mama."

"Kwani mimi nilifukuzwa kwa utani?"

"Lakini wewe ulikosea! It was a mistake! Mtu hawezi kulipwa kwa kukosea!"

"Bwana digrii, wanampenda yupi? Yule wako anayekufa, au yule wangu anayeamka? Hao wa Nairobi wamemwona wako?" Akatoa mikono, akaiweka mezani, myekundu, imechunika. "Lilipokuwa kosa, lilikuwa langu peke yangu, nikalibeba. Limekuwa zuri, sasa ni la nani?"

Njagi akasimama. "Bila mkono wangu mngekuwa na nini nyinyi? Mngekuwa na goti na stepla!"

"Na bila goti na stepla," Muthoki akasema taratibu, "wewe ungekuwa na maiti."

Lokwang akacheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoka tu, na kwa sekunde moja hata Njagi alikaribia. Halafu wote watatu wakatazama saa ya ukutani na kicheko kikafa.

"Nilikuomba kitu kimoja," Lokwang akasema.

"Hadithi ilidai, Afande."

"Hadithi ilidai. Ekai hakukudai chochote." Akageuza uso kwa Muthoki. "Huyu mama hakuniahidi, na ndiye aliyetimiza."

"Basi mwandike yeye!"

"Sijasema hivyo. Yeye hajui Koplo anaumwa wapi. Mimi najua, naumwa hapo hapo."

Njagi akakaa. Simu ikatetemeka mezani: Festo. *Gari liko steji. Unakuja au hauji.* Njagi akachukua kalamu. Wenzake hawakumzuia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaishusha hadi kwenye mstari, ncha ikagusa karatasi, ikaacha doa dogo la wino, akashindwa kuisogeza. Mbele yake palikuwa na nakala ya kitabu, ya mwisho. Hakuwa amewahi kukisoma kwa upande ule. Akakifungua kutoka kushoto.

Maiti ikapiga magoti. Ngumi ikarudi kwa mwenyewe. Akafunua, akafunua, akaona kazi yake kama ya mtu mwingine, na ilikuwa nzuri kuliko alivyoichora. Akafika kwenye chai.

"Nilianza na hii chai," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepotelewa. "Nilianza wakiwa wazima."

Saa ilisema kumi na dakika arobaini na tatu. Na hapo ndipo ninawaacha, maana mimi sijui kuwatoa.

Ila kabla hamjapigiana kelele, nisikilizeni. Kesi hii nayo inafunguka pande mbili. Ukiifungua tangu mwanzo, unakutana na mkono: bila Njagi hakuna karatasi hata moja yenye kitu. Ukiifungua kisogoni, kule wodini wanakocheka waliovunjika, unakutana na vidole: bila Muthoki, maiti imelala hadi leo. Na ukiifungua katikati, kurasa zikijiachia zenyewe, unakutana na mwili ulioanguka juu ya saruji, kisha ukachechemea na kisanduku hadi ghorofa ya pili.

Na msiniletee huruma, kwa sababu huruma ziko tatu: mmoja gari lake linaunguruma steji, mmoja mguu wake una wiki mbili, mmoja vidole vyake vinayeyuka kwenye maji ya kuku. Wala msiniletee makosa. Mmoja alivunja ahadi, mmoja alibana upande usiotakiwa, na mmoja aliwahi kulala wakati wa zamu yake.

Kalamu ndiyo hii. Doa la wino lipo, jina halipo, na zimebaki dakika kumi na saba. Wewe uliyekaa hapo umenyamaza, shika. Unaandika jina la nani? Na ukishaliandika, utainua macho uwaambie nini wale wawili?